Bloku Ni ya Mteja

Jerono ameniomba niwaandikie nyinyi mliobaki ofisini jinsi ya kumchagulia mteja hosting nzuri, yaani mahali tovuti yake itakapokaa. Angeweza kuandika mwenyewe ukurasa mmoja na mambo yakaisha, maana mengi ninayoyajua nimeyapata kwake. Lakini anasema ukurasa wake mtausoma mkiwa mmesimama, na wangu mtausoma mkiwa mmeketi, kwa sababu wangu una aibu ndani. Basi ketini.

Nilianza kazi baada ya kidato cha nne, katika kiwanda kidogo cha uchapaji hapa Nakuru, nyuma ya maduka ya mbegu na dawa za ng'ombe. Siku ya kwanza nilikuja nimevaa tai. Fundi Odhiambo, aliyekuwa mkuu wa mashine, aliitazama ile tai, akaitazama mashine inavyozunguka, akaniambia, "Kijana, chagua moja." Nikaivua. Tangu hapo nimevaa tai kwenye harusi tu, na si zote.

Odhiambo ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akiipenda kazi hata wakati hakuna anayemwangalia. Herufi za risasi zilikaa kwenye masanduku yenye vyumba vidogo, na vumbi la Nakuru halina heshima kwa herufi, kwa hiyo kila jioni aliyafunika masanduku kwa gunia lenye unyevu. Karatasi ya kwanza ikitoka kwenye mashine alienda nayo mlangoni penye jua na kuisoma kuanzia neno la mwisho kurudi nyuma. Alisema ukisoma kwenda mbele akili inakusaidia, na hutaki msaada wa akili unapotafuta makosa. Nimeitumia njia hiyo mpaka juzi, kwenye skrini, na bado inafanya kazi.

Kitu nilichokiona cha ajabu kwake kilikuwa bloku. Bloku ni kipande cha zinki kilichopigiliwa kwenye ubao, kina alama ya biashara ya mteja: ng'ombe wa mwenye maziwa, jogoo wa mwenye chakula cha kuku. Mteja alilipia kitengenezwe mara moja, halafu kilitumika kila akija kuchapisha. Viwanda vingine mjini vilizificha bloku kabatini ili mteja asiweze kuhama. Odhiambo alizifuta wino, akazifunga kwenye gazeti na kumpa mteja aende nazo nyumbani.

"Fundi," nikamwuliza, "akienda nayo si atachapisha kwingine?"

"Anaweza."

"Na sisi?"

"Sisi tuchape vizuri ndio arudi. Hiyo bloku alilipa yeye. Ukimfichia, hujamfunga. Umejifunga wewe, kazi yako sasa ni kulinda kabati."

Nilicheka, si mbele yake. Nilidhani hayo ni maneno ya mtu anayejua wino na hajui biashara. Hayo yawekeni kando, tutayarudia.

Kompyuta zilipoingia, ile mashine kubwa iliuzwa kama chuma chakavu, na Odhiambo akarudi kwao Nyanza. Mimi nilikodi kona ya jengo lilelile. Nilianza na barua za maombi ya kazi na kadi za harusi, baadaye nikaongeza saiba, kompyuta za kukodisha watu waingie mtandaoni, na mwishowe nikawa natengeneza tovuti. Hakuna aliyenifundisha. Nilifungua tovuti za watu nikaangalia zilivyoshonwa, kama fundi nguo anavyogeuza koti la mwenzake ndani nje. Mjini wakaniita Mbuthia Computer, na jina hilo likaingia mpaka kwenye leseni ya biashara. Mteja wangu wa kwanza wa tovuti alikuwa na nyumba ya wageni kule Longonot, ya watu wanaokuja kupanda mlima. Alipoona picha ya vitanda vyake kwenye skrini, alinishika mkono hakuuachia. Nikajiona mtu mkubwa.

Sasa niwaeleze jambo la msingi, maana wateja watawauliza. Tovuti ina vitu viwili: jina, lile mtu analoliandika ili kuifungua, na mahali pa kukaa. Jina ni kama shamba. Hosting ni kama nyumba iliyojengwa juu yake. Nyumba ikiungua unajenga nyingine palepale. Shamba likienda, huna pa kujenga.

Mimi nilichagua nyumba vibaya, na shamba nikakosea zaidi.

Nilinunua hosting kwa kampuni ya ng'ambo ambayo hata leo sijui ofisi yake iko wapi. Ilikuwa rahisi, na tangazo lake liliahidi kila kitu bila kikomo: nafasi bila kikomo, baruapepe bila kikomo. Katika umri wangu, kitu pekee nilichokiona kisicho na kikomo ni vumbi la Februari. Hata hivyo niliamini. Nikachukua akaunti moja na kuwajaza wateja wote humo, kama mtu aliyekodi chumba kimoja akapangisha kila pembe. Majina yao nayo nikayasajili yote kwangu. Nilijiambia ninawasaidia, kwa kuwa wengi hawakuwa na baruapepe wala kadi ya kulipia. Hiyo ilikuwa kweli, lakini nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba mteja ambaye jina lake liko kwako hawezi kwenda mahali. Nilikuwa nimejenga kabati.

Jerono alikuja kutoka Sachangwan na diploma yake, viatu vina tope la huko juu. Nilimwajiri aketi saibani. Muda si mrefu mimi ndiye niliyekuwa nimeketi na yeye anafanya kazi. Sijapata kuona mtu anayechagua kitu kwa uangalifu kama yeye. Niliposoma matangazo ya kampuni za hosting, yeye alizijaribu. Jumapili baada ya kanisa, watu wakiwa wanakula, alipigia simu kampuni alizoziwekea alama na kuwaandikia swali moja la kweli, lenye jibu. Asiyejibu alikatwa. Aliyejibu kwa mashine na kumwambia asubiri, naye alikatwa.

"Kwa nini Jumapili?" nikamwuliza.

"Jumatatu kila mtu ni mchapakazi, Mzee."

Jaribio lake la pili lilikuwa la kiazi. Tulikuwa na mteja wa mbegu za viazi kule kwao Sachangwan, na watu walilalamika ukurasa wake haufunguki. Mimi ofisini ulifunguka vizuri. Jerono akasema ofisini hakuna mtu ananunua mbegu. Akanipeleka mpaka kando ya barabara kuu, kwenye ukungu, na simu ya bei ya chini kabisa yenye kioo kilichopasuka. Akaazima kisu na kiazi kwa mama mmoja muuzaji, akafungua ukurasa, akaanza kumenya.

"Huyu anafanya nini?" yule mama akaniuliza.

"Anapima mtandao."

"Kwa kiazi changu?"

Kiazi kilikwisha kumenywa na ukurasa ulikuwa bado mweupe. Yule mama akasema kama mtandao unataka chipsi tuseme tu. Wiki ile Jerono akahamisha tovuti ya mbegu kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, iliyoko Nairobi, tukarudi palepale, na ukurasa ukafunguka kisu kikiwa kwenye ganda la kwanza. Lakini alinikataza kulifanya hilo sheria. Mkulima wa maua wa upande wa Naivasha, ambaye wanunuzi wake wako Ulaya, seva ya Ulaya inamfaa. Swali ni anayefungua ukurasa amesimama wapi.

Kuna mengine mtamwona akiyafanya, myaige bila kuuliza. Bei ya mwaka wa kwanza haisomi kabisa, anasoma ya mwaka wa pili, kwa sababu ya kwanza ni chambo. Kabla ya kuingia kwenye kampuni anauliza jinsi ya kutoka. Na kila mwezi alichukua nakala ya kila tovuti, akaishusha kwenye kompyuta yetu kuukuu, akaifungua aone kama inasimama. Mimi nilikuwa nikichukua bakap na kuziweka tu. Akaniambia, kwa upole wake, "Mzee, bakap ambayo hujawahi kuirudisha ni maombi tu." Mimi ni mzee wa kanisa, na maombi nayajua.

Siku moja, akipanga nakala hizo, akaniuliza, "Haya majina yote yamesajiliwa kwako?"

"Ni yetu wote. Mimi nayatunza."

"Wenyewe wanajua?"

"Wanajua wanilipe mimi."

Akaendelea na kazi. Alinirudia tena na jambo hilo kabla ya Krismasi, na tena baada ya Pasaka. Kila mara nikamwambia tutaliangalia. Mkisikia bosi anasema tutaliangalia, jueni ameshaliona.

Kulikuwa na kikundi cha akina mama wakulima wa kahawa kule Subukia, na mwenyekiti wao anaitwa Mama Wairimu. Walikuwa wamechoka kupeleka kahawa mbichi na kusubiri, wakaamua kuikaanga na kuifunga wenyewe. Tovuti niliwatengenezea mimi, na mifuko nikawachapishia mimi, kazi ambayo hata Odhiambo angeipeleka mlangoni penye jua na asipate kosa. Jina la tovuti lilikuwa mbele kwa herufi kubwa. Nyuma kulikuwa na kile kisanduku cha nukta ambacho mtu anakipiga kwa simu, ukurasa unafunguka na kumwonyesha mama aliyelima kahawa ile, shamba lake, na uso wake. Duka kubwa moja Nairobi liliipenda habari hiyo ya uso. Likakubali kuchukua mzigo wa kwanza. Kahawa ikakaangwa, mifuko ikafungwa, na kahawa iliyokaangwa haikai kama mahindi. Kila wiki inayopita inaondoka na harufu yake.

Wiki hiyohiyo tovuti zote zikazimika.

Ilitokea hivi. Mteja wetu mmoja mwenye duka la vipuri vya simu alikuwa ameweka jina la duka lake kama neno la siri. Watu wabaya wakaingia kwenye tovuti yake na kuanza kutuma baruapepe za ulaghai. Kampuni ya ng'ambo ikaonya, lakini maonyo yalienda kwenye anwani ya zamani ya saiba niliyoacha kuifungua. Basi ikafunga akaunti. Kwa kuwa wote walikaa chumba kimoja, wote wakafungiwa nje, nyumba ya wageni, yule wa mbegu ambaye jina lake bado lilikuwa humo, kahawa, na wengine wote. Majina nayo yalikuwa kwenye akaunti hiyohiyo.

Jerono hakusema kitu cha kunikumbusha. Alitoa nakala zake na kufikia jioni tovuti zote zilikuwa zimesimama kwenye hosting mpya aliyokuwa ameichagua Jumapili zile. Nilimtazama akifanya kazi hiyo, na nasema kweli, nilijisikia kama siku ile ya kwanza kiwandani, kijana mwenye tai. Nyumba mpya zilikuwa tayari. Lakini majina, yaani mashamba, hayakuwa mikononi mwetu. Mtu akipiga picha ule mfuko wa kahawa, anaona ukurasa wa kampuni unaosema akaunti imefungwa.

Tukaandikia kampuni ituachie majina. Wakataka kitambulisho cha mwenye akaunti. Nikatuma. Wakajibu kwamba akaunti ni ya mtu anayeitwa Mbuthia Computer, na kitambulisho changu ni cha Joel Mbuthia, ambaye wao hawamjui. Nilipofungua akaunti nilikuwa nimejaza jina ambalo mji mzima uliniita. Sikufikiri kwamba kuna mahali duniani ambapo hilo lingehitaji kuthibitishwa.

Duka la Nairobi nalo likampigia Mama Wairimu kumwambia kwamba mfuko usiofungua ukurasa hauingii kwenye rafu zao. Wangesubiri mpaka mwisho wa wiki.

"Nenda Subukia wewe mwenyewe," Jerono akaniambia. "Hili si la simu, Mzee."

Niliwakuta kwenye nyumba yao ya kukaangia. Akina mama wawili walikuwa wanachagua punje, na Mama Wairimu anapanga mifuko ukutani.

"Karibu, Baba Nyambura," akasema, akiniita kwa jina la binti yangu. "Umekuja na uso wa mtu wa benki."

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akiendelea kupanga. Halafu akauliza swali moja tu. "Jina limeandikwa nani?"

"Mimi."

"Si kikundi?"

"Si kikundi."

Aliweka chini mfuko uliokuwa mkononi, akaketi kwenye gunia.

"Unajua hili shamba tulilipataje," akasema. Si swali. Sote tunajua. Wazungu walipoondoka, wazee walichanga wakanunua mashamba kupitia kampuni zao wenyewe, na kila mmoja akapewa cheti cha hisa. "Baba yangu alilima hapa, akajenga hapa, akazika hapa. Hati ilikuwa kwa wakurugenzi. Kila mkutano wanasema, tunawatunzia. Mwaka ujao. Alipopewa hati yake macho yalikuwa yamekwisha. Akaniambia, nisomee jina. Nikamsomea. Akaniambia, rudia."

Mmoja wa wale akina mama aliacha kuchagua punje.

"Sasa Baba Nyambura," Mama Wairimu akaendelea, bila kupandisha sauti, "wewe ndiye mkurugenzi, na sisi ndio wenye hisa."

"Nilikuwa nawatunzia," nikasema. Nilisikia maneno yakitoka na nikajua ni ya nani.

Yule mama mwingine akacheka, kicheko kifupi. "Hata maneno ni yaleyale."

Nilitazama mifuko. Ilikuwa mizuri sana. Nikakumbuka zile bloku zilizofungwa kwenye gazeti, na wateja wakiondoka nazo kwapani.

"Jina likitoka," akasema Mama Wairimu, "lisirudi kwako hata siku moja. Liandikwe kikundi. Na si sisi tu. Hao wengine wote uliowatunzia."

"Wakipata majina yao wanaweza kuniacha."

"Si wakuache. Baba yangu alipopata hati hakuhama. Alitaka tu kujua kwamba anaweza."

Nilirudi ofisini na kumwambia Jerono maneno hayo. Alikuwa kwenye simu na kampuni, mtu wa kumi hivi kuhamishiwa, na bado sauti yake ilikuwa ile ya kanisani. Aliziba simu kwa kiganja akaniuliza, "Mzee, jina Mbuthia Computer limeandikwa wapi pengine, pamoja na namba ya kitambulisho chako?" Nikamwambia hakuna. Akanyoosha kidole ukutani, juu ya kichwa changu. Leseni ya kaunti ilikuwa imening'inia hapo kwenye fremu, jina la biashara na namba yangu chini yake, na vumbi juu ya vyote. Nimekaa chini ya karatasi ile miaka yote hiyo nikidhani inawahusu askari wa kaunti.

Tukaifuta, tukaipiga picha, tukaituma. Wakajibu kwamba wanaipitia. Alhamisi ikapita. Ijumaa Jerono aliwapigia asubuhi, akawapigia tena mchana. Alasiri akaniita kwenye skrini yake, majina yakaanza kuachiwa moja baada ya jingine. La kahawa aliliomba litangulie. Hakulisajili kwangu hata kwa muda. Alimpigia Mama Wairimu, akamwambia alete cheti cha kikundi, na kwa kuwa mama yule alikuwa tayari ameketi kwenye ngazi za jengo letu tangu saa sita, kazi ilikwisha bila kuchelewa. Akatoa mfuko kwenye mkoba, akaupiga kwa simu yake. Uso wake mwenyewe ukatokea.

"Ungenichagulia picha nyingine," akaniambia.

Mzigo uliingia Nairobi.

Wengine walichukua muda zaidi. Nilimwita mteja mmoja mmoja, nikamfungulia baruapepe asiyekuwa nayo, nikamwandikishia jina lake na kumweleza kwamba kuanzia leo anaweza kwenda popote. Baadhi walikwenda, na mwenye nyumba ya wageni wa Longonot, yule wa kunishika mkono, alikuwa wa kwanza. Sikumlaumu. Wengi walibaki, na waliobaki walianza kuniletea ndugu zao. Odhiambo alikuwa amenieleza hesabu hiyo nikiwa kijana, na niliizunguka karibu maisha yote ya kazi ili kuifikia. Nilimtafuta nimwambie. Mwanawe alinijibu kwamba nimechelewa.

Ofisi sasa ni ya Jerono, na nyinyi mna bahati ambayo mimi niliipata uzeeni. Mteja akija kuuliza hosting nzuri, atawauliza bei kwanza. Mjibuni. Halafu ipimeni kampuni kwa kiazi na kwa Jumapili, mwulizeni mteja wanunuzi wake wamesimama wapi, na kampuni iulizeni mlango wa kutokea. Lakini kabla ya hayo yote mwulizeni jina litaandikwa nani, na akisema andikeni tu lolote, msiandike.

Kazi yangu ya mwisho niliifanya kwa mkono. Nilichapa cheti cha usajili wa jina la kahawa kwenye karatasi nene, nikakipeleka mlangoni kwenye jua nikakisoma kuanzia mwisho, kisha nikakipeleka Subukia. Nyumbani kwa Mama Wairimu hati ya baba yake iko ukutani kwenye fremu ya kioo. Alikuwa ameshapiga msumari mwingine kando yake. Akina mama wa kikundi walikuwepo, wamevaa nguo za Jumapili siku ya Jumatano. Nikataka kukitundika, akanizuia.

"Kwanza tusomee," akasema. "Ni la nani?"

Nikavaa miwani. Nikasoma jina la kikundi, lote, mpaka mwisho. Langu halikuwemo.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.